Mlango Usiosubiri Hodi

Simu ikilia saa kumi alfajiri, kwetu mtu haipokei akiwa bado amelala. Hukaa kitako kwanza, akajikaza. Kaka yangu aliyeko Mwanza alikaa kitako hivyo alfajiri moja ya mwaka 2018, akaona jina langu kwenye kioo, akapokea, akasikia pumzi tu. Akaniita mara tatu, mara nne. Pumzi. Kisha simu ikakatika. Alipopiga tena bila kupokelewa, alimwamsha mkewe akamwambia kwamba mama yetu hatunaye.

Mama alikuwa Tanga, mzima, amelala. Aliyepiga ni binti yangu, wakati huo ana miaka minne. Aliamka kabla yetu, akaichukua simu juu ya stuli pembeni ya kitanda, akagusa picha ya baba mkubwa anayempenda, kisha akaenda kuitelekeza sebuleni. Simu ilikuwa na loki, na namba ya siri niliijua peke yangu. Ila nilikuwa nimevaa saa janja, na wiki chache nyuma nilikuwa nimekubali kwa mkono wangu mpangilio unaosifiwa sana: saa ikiwa karibu, simu isijiloki. Nililala na saa mkononi. Nilikuwa karibu. Simu ikatii.

Tangu siku hiyo, kila nikiandika habari za vifaa hivi hurudi palepale: kuwa karibu si kukubali. Aliyelala yuko karibu na simu yake. Mgonjwa aliyezimia yuko karibu nayo. Mke aliyekaa sofa moja na mume anayetaka kusoma meseji zake yuko karibu nayo, na mtu anayehojiwa wakati simu yake imelazwa mezani mbele yake, naye yuko karibu. Loki inayofunguka kwa sababu ya ukaribu haijamuuliza mwenyewe kitu. Ni mlango unaofunguka kabla mtu hajapiga hodi, na kabla mwenye nyumba hajasema karibu.

Ndiyo maana nimeshika kalamu kuandika juu ya jambo linaloonekana dogo: kuifungua simu kwa ishara ya mkono uliovaa saa. Wazo ni hili: unazungusha kiganja, au unagonganisha kidole gumba na cha shahada, au unakunja ngumi mara mbili, na simu iliyo mezani inafunguka. Wengi wanaliona ni jambo la maonyesho. Mimi naona ndani yake kitu ambacho ukaribu mtupu hauna, yaani mwenye mkono amesema ndiyo.

Kwanza tuone ukaribu ulitokea wapi, maana haukuja kwa nia mbaya. Ulikuja kwa haraka. Mwaka 2013 Motorola walitoa kibanio kidogo cha kubana kwenye nguo, wakakiita Skip. Ukigusisha simu kwenye kibanio hicho, loki inatoka. Hoja yao ilikuwa kwamba kufungua simu kunachukua wastani wa sekunde 2.3, na mtu wa kawaida hufanya hivyo mara 39 kwa siku. Zidisha mwenyewe. Hazifiki sekunde 90 kwa siku nzima, na ndizo zilizokuwa zikitafutiwa dawa. Mwaka uliofuata Google waliingiza Smart Lock ndani ya Android 5.0: unaitajia simu kifaa unachokiamini, saa au redio ya gari, na maadamu Bluetooth inakiona, simu inabaki wazi. Mwaka 2016 Apple waliruhusu saa yao ifungue kompyuta za Mac.

Kisha likaja janga la korona. Simu zilizokuwa zikimtambua mwenyewe kwa sura zikawa hazimtambui, kwa kuwa nusu ya uso iko ndani ya barakoa. Aprili 2021, pamoja na toleo la iOS 14.5, Apple walikuja na jibu: ukiwa umevaa saa yao mkononi, na saa yenyewe imeshafunguliwa kwa namba, simu ikiona uso wenye barakoa itaiuliza saa, nayo itaifungua. Tazama kwa makini kilichotokea hapo. Simu haikuwa ikithibitisha kuwa uso ule ni wako. Iliona uso, ikaona barakoa, ikaona saa iko jirani. Haikuchukua muda watu wakaanza kuonyesha kwamba ndugu au mwenzako wa ofisini akivaa barakoa na kuinua simu yako ukiwa umekaa hatua mbili kutoka hapo, inafunguka.

Apple hawakuliacha hivihivi, na katika hili nawasifu. Simu ikifunguka kwa njia hiyo, saa inakugonga kwenye kifundo cha mkono na kukuwekea kitufe cha kuifunga tena papo hapo. Pia njia hiyo haikuruhusu malipo. Lakini huko ni kuambiwa mgeni ameshaingia, si kuulizwa kama aingie. Machi 2022 simu mpya zaidi zikafundishwa kusoma eneo la macho, haja ya saa ikapungua. Google nao walikuwa wameshabana mpangilio wao. Kuanzia Android 10 ya mwaka 2019, kifaa kinachoaminika hakiwezi tena kufungua simu iliyokwisha kujiloki. Kinachoweza ni kuichelewesha isijiloki, tena kwa muda usiozidi saa nne.

Sitaki mtu anielewe kwamba naitetea pateni ya kuchora kwa kidole au namba ya zamani. Kuna fundi mmoja wa simu pale Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, aliyewahi kunionyesha jambo nililokuwa nimelisoma tu. Alichukua simu ya mteja aliyekuwa amesimama palepale kando yetu, akamwomba ruhusa, akaizima kioo, akailaza chini ya taa kwa pembe kama mtu anayekagua mkwaruzo wa rangi ya gari. Juu ya giza la kioo ukaonekana mstari wa jasho na mafuta ya kidole, kama njia ya konokono ukutani: chini, chini, kulia. Herufi L. Akaipitisha kwa kidole chake, simu ikafunguka. Mteja alinyamaza muda mrefu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliandika juu ya mistari hiyo mwaka 2010. Katika jaribio lao moja waliweza kuisoma sehemu ya mchoro katika asilimia 92 ya mipangilio ya mwanga na kamera waliyoijaribu, na mchoro mzima katika asilimia 68. Vidoti tisa vya Android vina michoro 389,112 inayowezekana, ila binadamu hatusambai humo kote. Mwanafunzi wa Norway, Marte Løge, alikusanya michoro karibu 4,000 mwaka 2015 akakuta asilimia 44 inaanzia kona ya juu kushoto. Alama ya kidole nayo ina watu wake inaowakataa. Fundi ujenzi anayeshika saruji mwaka mzima, mama aliyefua kwa mikono miaka hamsini, hao ncha za vidole vyao zimelainika, na kila penye kisoma vidole hukaa wakifuta mkono kwenye nguo na kujaribu upya. Usajili wa laini kwa alama za vidole uliofikia ukomo hapa Tanzania Januari 2020 ulitufundisha wengi jambo hilo, tukiwa kwenye foleni.

Sasa turudi kwenye mkono na saa.

Saa janja inaaminika kwa sababu inagusa ngozi. Asubuhi unaivaa, unaiandikia namba yake mara moja, na kuanzia hapo inajihesabu kuwa iko na mwenyewe mpaka itakapovuliwa. Inajuaje kama haijavuliwa? Chini ya tumbo lake kuna taa ndogo za kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani, moyo ukipiga damu huongezeka kwenye mishipa na mwanga unaorudi hupungua, ukitulia unarudi zaidi. Saa ikipoteza hilo, inajifunga. Saa za Apple zilipotoka mwaka 2015, wenye tatuu nyeusi kwenye kifundo cha mkono waligundua saa zao zinajifunga ovyo, kwa sababu wino ulikuwa unameza mwanga. Msomaji mwenye ngozi kama yangu atauliza haraka: na sisi? Melanini nayo hunywa mwanga wa kijani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walilipima hilo kwa watu 53 na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi katika kusoma mapigo, kilichovuruga sana ni mwendo wa mkono. Niliposoma hivyo nilifarijika, ingawa watu 53 ni wachache, na ningependa kuona kipimo cha namna hiyo kikifanyika Muhimbili au Makerere.

Mwendo unaovuruga mapigo ndio huohuo unaobeba ishara. Ndani ya saa kuna akselerometa, kipande cha silikoni chenye kijiti kinachopinda kidogo mno mkono unapoharakishwa, na kuna jairoskopu inayohisi mzunguko. Ukigonganisha vidole viwili, kano zinazopita kifundoni zinajivuta, kifundo kinatetemeka kwa kiasi ambacho jicho halioni, na damu chini ya ile taa inasukumwa kidogo. Apple walilitumia hilo kwanza mwaka 2021 kwa ajili ya watu wasio na mkono mmoja au wasioweza kuutumia. Mtu mwenye mkono mmoja anawezaje kugusa saa iliyo kwenye mkono huohuo? Wakampa njia: bana vidole, kunja ngumi. Miaka miwili baadaye, kwenye saa yao ya Series 9, kubana vidole mara mbili kukawa kwa kila mtu, kupokea simu au kusimamisha muziki. Nalikumbusha hili kwa sababu mara nyingi watu wenye ulemavu hutajwa mwishoni kama wanaoongezewa. Hapa wao ndio waliotangulia, sisi wengine tumefuata.

Ila ishara zile zinaendesha saa. Kuifungua simu kumeachiwa ukaribu. Vitu viwili ambavyo vingeoana vimelazwa vyumba tofauti, kimoja kina nguvu ya kufungua bila kuuliza, kingine kina uwezo wa kujibu bila kuulizwa chochote cha maana.

Si kwamba ugumu haupo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice pamoja na Motorola walieleza mfumo walioupa jina uWave. Watu wanane walichora ishara nane hewani wakiwa wameshika kidhibiti cha mchezo wa Wii, zaidi ya mara 4,000 kwa jumla, na mfumo ukazitambua kwa usahihi wa asilimia 98.6. Siri yake ilikuwa hesabu iliyotoka kwenye utambuzi wa sauti: kuvuta na kubana muda mpaka mienendo miwili ilandane. Sikio letu hufanya hivyo kwenye ngoma. Mdundo uleule ukipigwa taratibu na mzee au haraka na kijana, anayeufahamu anaujua ni ule. Walichokumbana nacho ni kwamba mkono wa mtu mmoja haufanani na wenyewe siku hadi siku. Leo una haraka, kesho umechoka, keshokutwa umebeba mtoto.

Na kuna upande mwingine ambao kila mvaa saa anapaswa kuujua, hata asiyefikiria kabisa kufungua simu kwa ishara. Vihisi vinavyoweza kusoma ishara yako vinaweza kusoma na mambo usiyotaka yasomwe. Mwaka 2016 watafiti wa Stevens Institute of Technology na Chuo Kikuu cha Binghamton, huko Marekani, walionyesha kwamba data ya mwendo kutoka kwenye kifaa kinachovaliwa mkononi inaweza kufichua namba ya siri unayobonyeza kwenye mashine ya kutolea pesa, kwa usahihi wa asilimia 80 kwa jaribio la kwanza, na zaidi ya 90 baada ya matatu. Mkono unatembea kutoka tarakimu hadi tarakimu, saa inapima kila hatua, na hatua hizo ni ramani. Tangu niliposoma hayo nimehamishia saa mkono wa kushoto, maana kwenye ATM na kwenye kuandika namba ya siri ya pesa za simu natumia wa kulia. Nakushauri ufanye hivyo leo. Na programu yoyote ya saa inayoomba ruhusa ya kusoma mwendo, iulize inautaka wa nini.

Yote haya niliyaandika kwenye daftari, lakini sikuyaelewa vizuri mpaka nilipokaa na mama mwezi wa likizo.

Mama ana baridi yabisi. Vidole vya mkono wa kulia vimepinda kuelekea kidole kidogo, na asubuhi havikunjiki mpaka jua lipande. Simu yake ya kioo ni ya kupokea picha za wajukuu na kuzungumza kwa video na dada yake aliyeko Mombasa. Pesa zake ziko kwenye kitochi, kimefungwa ndani ya kanga. Alama ya kidole haimkubali. Namba ya siri anaiweza, ila kila tarakimu ni maumivu, na akikosea moja anaanza upya. Alikuwa amefikia kuomba loki iondolewe kabisa. Nilikataa, kisha nikaona aibu kukataa bila kuwa na njia.

Mpwa wangu anayesoma uhandisi wa kompyuta alichukua saa kuukuu inayoweza kuandikiwa programu, na simu ambayo ulinzi wake wa kiwandani ulikuwa umeshafunguliwa kwa ajili ya mazoezi yake. Niseme wazi, simu ya namna hiyo si ya kuwekea akaunti ya benki, na sisi hatukuweka. Akaandika programu inayofanya jambo moja: saa ikiwa kwenye ngozi, imeshafunguliwa kwa namba asubuhi, na ishara ikapigwa, simu ifunguke. Isipopigwa, simu ibaki imefungwa hata saa ikilala juu yake.

Ishara ya kwanza ilikuwa kuzungusha kifundo mara mbili. Kwa mama ilikuwa nyepesi. Siku hiyohiyo alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi, na simu ikafunguka juu ya meza, ikajifunga, ikafunguka, mpaka nazi ilipokwisha. Mpwa akaivaa yeye, akapanda pikipiki hadi sokoni. Ikafunguka mfukoni kila alipovuta mafuta. Tukajua kwamba ishara nzuri si iliyo rahisi tu, inatakiwa isiwe ndani ya kazi za mtu. Na kazi za watu hazifanani. Anayeketi ofisini na anayepepeta mchele hawawezi kupewa orodha moja ya ishara iliyopangwa mbali huko.

Kukunja ngumi hakuwezi. Kubana vidole hakuwezi. Mpwa akapendekeza kuinua kiganja juu kisha kukigeuza, mama akakitazama kiganja chake kwa muda, akasema, "Hivyo ndivyo ninavyoomba dua, mwanangu. Simu isifunguke nikiwa naomba." Hatukubishana.

Aliyepata jibu ni yeye. Akaweka mkono juu ya egemeo la kiti, akagonga mbao kwa kifundo cha mkono, mara mbili, akanyamaza. Kugonga hakukunji kidole. Mpwa alipofungua mchoro wa akselerometa kwenye kompyuta, tuliona vilele viwili vyembamba, vimesimama kama minazi miwili kwenye uwanda, havifanani na kukuna nazi, wala kupepeta, wala kusuka ukili. Kimya cha kabla na kimya cha baada ndicho kilichovitofautisha. Tukampimia mara kumi. Nane zilifunguka. Mbili hazikufunguka, moja kwa sababu aligonga huku akicheka.

Kwa majaribio ya jioni mpwa akataka kuruhusu ishara irudiwe bila kikomo, bibi asisumbuke. Mama akauliza simu itafanya nini mtu mwingine akiivaa saa na kugonga, akagonga, akagonga. Mpwa akakiri itamsikiliza tu.

"Hodi ni tatu," mama akasema. "Usipoitikiwa unarudi ulikotoka."

Kwa hiyo ndivyo ilivyoandikwa. Ishara ikipigwa mara tatu bila kutambuliwa, saa inanyamaza na simu inadai namba ya siri. Usiku ule, baada ya isha, mama alivuta kiti karibu na dirisha ambako mtandao unashika, akaweka mkono juu ya mbao, akagonga mara mbili. Kimya. Akatulia, akagonga tena. Kioo kikawaka, na baada ya muda kidogo sauti ya mama mdogo ikatoka Mombasa ikiuliza mbona leo mapema.

Saa aliivua kabla ya kulala, akaiweka kwenye droo. Simu aliiacha mezani, imefungwa, na binti yangu, ambaye sasa anasoma na kuandika, alipita mbele yake asubuhi bila kuigusa, akaenda kumwamkia bibi yake.